Zamu ya Mwisho Ilikuwa Yangu

Mimi ni mwanamke mwenye wivu, na wala sikuanzia kwenye ndoa. Nikiwa mtoto nilimwonea wivu mbuzi wa jirani, kisa bibi yangu anamlisha maganda ya ndizi kwa mkono wake. Kwa hiyo siku mume wangu aliponiambia, tumekaa uani kwetu Kisarawe tunachambua choroko, kwamba ameoa mke wa pili huko Mbwawa, alijua vizuri anachokichokoza. Niliumwaga ungo wote. Kisha nikaziokota choroko mwenyewe huku nalia, maana ndizo zilizokuwa chakula cha siku ile, na yeye alipoinama kunisaidia nikamchapa kofi mkononi.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya vita ya pili ya Wazungu. Mume wangu alikuwa mchuuzi. Alinunua mpunga na kuku vijijini upande wa Mbwawa, akaja kuuza Kisarawe, kwa sababu pale bomani kulikuwa na makarani na maaskari waliopenda wali. Akirudi huko alichukua chumvi, sabuni, mafuta ya taa na vitambaa. Alisema biashara yake inataka nyumba huku na nyumba kule. Haya! Mwanamume akitaka kuoa sababu haimpotei. Mimi nilikuwa na binti mmoja, ameshaolewa Bagamoyo, na kichwa changu kilikuwa kimeanza mvi mbili tatu. Yule wa Mbwawa alikuwa bado kijana, mpole, sauti yake ya chini kama mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. Nilimchukia kwa sauti ile tu.

Tulipewa wiki wiki. Akiswali Ijumaa Kisarawe, anashuka Pugu, anapanda gari moshi mpaka Soga, kisha anatembea kwa miguu hadi kwake. Ijumaa inayofuata anaswali huko, anarudi kwangu. Na kilichonikera zaidi, hakuwa na upendeleo hata chembe. Akinunua doti ya kanga ananunua mbili, rangi moja, maneno yale yale. Akinunua sabuni anakata mche katikati kwa uzi, anapima kwa macho, anakata tena. Mvua ikimzuia kwangu siku moja, siku hiyo mwenzangu analipwa. Alikuwa ameshika mafundisho ya chuo cha Kurani kwamba mtu mwenye wake wawili akiegemea kwa mmoja, Siku ya Kiyama atafufuliwa upande mmoja umeinama. Aliiogopa sana hiyo. Mimi kimoyomoyo nilikuwa namwombea upande huo uiname kidogo, kidogo tu, ilimradi uiname kwangu.

Akirudi kutoka Mbwawa namvua kanzu, nainusa. Udi wa kwake mwenzangu ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nilikwenda kununua ule ule, nikafukiza mpaka tukakohoa sote wawili.

"Bibie," akaniambia anafuta machozi ya moshi, "unataka kunipikia mimi au kunibanika?"

Alikuwa mtu wa utani, na kicheko chake kilikuwa na mwanzo wake: kwanza anavuta pumzi puani kama anayetaka kupiga chafya, watu wote wanangoja, halafu ndiyo kinatoka. Nikikasirika ananichekesha kwa kule kungoja.

Ugonjwa ulimwanzia kooni. Na hapa ndipo roho inaponiuma mpaka leo: aliyeujua kwanza ni nani? Ni yeye, mwenzangu. Yeye ndiye aliyeona kwamba wali haushuki, kwamba bwana anausindikiza kwa maji, kila tonge na funda lake. Kwangu aliniambia ni meno. Basi nikaponda viazi, nikaponda ndizi, nikaponda mpaka nyama, wiki nzima natwanga kwa ajili ya meno, kumbe mwenzangu ameshaambiwa ukweli! Nilipokuja kujua, sikuuliza ugonjwa gani. Niliuliza, "Kwa nini yeye amejua kabla yangu?"

Akanitazama. "Kwa sababu aliniuliza taratibu."

Nilikaa na neno hilo siku nyingi, linanichoma.

Dada yake mkubwa, ambaye ni wifi yangu na ndiye aliyekuwa na sauti katika ukoo wao, alimpeleka Dar es Salaam hospitali. Daktari Mzungu akamwangalia koo kwa taa, akasema maneno machache, mkalimani akayatafsiri: kuna uvimbe, umeshika pabaya, hapana dawa yake. Mrudisheni nyumbani, apewe anachoweza kumeza.

Nyumbani! Daktari hakujua kwamba mgonjwa wake ana nyumbani mbili. Wifi alimleta Kisarawe kwa kuwa wiki ile ilikuwa yangu, na Ijumaa ilipofika mume wangu, miguu haimchukui vizuri, akaomba kanzu yake.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Leo zamu imekwisha."

"Mgonjwa hana zamu!"

"Mwenye wake wawili ndiye mwenye zamu, awe mgonjwa awe mzima. Labda mwenzio akiniachia mwenyewe. Na hajaniachia."

Wifi alikuwa na mawazo hayo hayo, na majirani pia. Hakuna aliyeona ajabu. Tukatafuta vijana wanne wenye mabega, wakamlaza kwenye machela, wakamteremsha kilima mpaka stesheni ya Pugu, akapandishwa daraja la tatu analala kwenye benchi, kichwa pajani kwa wifi. Soga wakapokea vijana wengine. Ijumaa iliyofuata safari ile ile ikarudi upande wangu. Nilikuwa nasimama juu pale njia inapopinda, naiona machela inakuja, naangalia jambo moja tu: amepungua?

Kila mara alikuwa amepungua.

"Yule wa huko hampi chakula," nikamwambia wifi kabla hata ya kumwamkia. "Mtazame shingo! Niliwapelekea mtu, wamenirudishia mifupa."

"Mwenzio naye anasema hivyo hivyo," wifi akanijibu, anajipepea kwa upande wa kanga. "Anasema kwake hunywa bakuli zima, akija huku anarudi mtupu."

"Anasema bakuli zima?"

"Zima."

Loo! Niliingia jikoni. Kama kwake anakunywa bakuli, basi kwangu atakunywa bakuli na nusu. Nikapika uji wa mchele, nikautia tui la kwanza na asali, nikauchuja kwa kitambaa, nikauchuja tena. Nikamlaza kichwa pajani, nikamfunga kanga shingoni, nikambana shavu kwa kidole gumba ili mdomo ufunguke, nikatia kijiko.

"Meza. Bismillahi. Meza, bwana."

Kilishuka kidogo, kingine kikarudi na kikohozi. Nikampangusa, nikatia tena. Alikuwa akigeuza uso ukutani, nami nahamia upande wa ukuta. Akibana meno, nangoja apumue. Msinione katili. Kila kijiko kilichoshuka nilikiona kama nimemchukua tena kidogo kutoka Mbwawa. Uliobaki niliwamwagia kuku nyuma ya nyumba, na wifi akiniuliza namwambia, "Amekunywa bakuli na juu yake nimemwongeza." Nilisema hivyo nimemkazia macho, na wala sikuona haya. Ingekuwa leo ningesema tena. Ulitaka niseme kwangu hali, kwake anakula?

Basi tukaenda hivyo, huku bakuli na nusu, kule mabakuli mawili, kwa maneno ya midomo yetu, na katikati yetu mtu ananyauka. Wifi alikuwa anapeleka habari huku na huku kama mwenye kutangaza mnada. Nadhani alikuwa anajua. Lakini yeye naye alikuwa anampenda ndugu yake, na habari ya kwamba amekula ni tamu kuisikia, hata ukiwa unawaona kuku walivyonenepa.

Mwalimu aliyesomesha watoto Kurani jirani yetu alikuwa akija kumjulia hali alasiri. Alikuwa mzee mfupi, mkali kwa watoto, mwenye mzaha kwa wakubwa. Siku moja nikamshika njiani anatoka, nikamwuliza kitu ambacho nilikuwa naogopa hata kukitamka. Nilimwuliza: mgonjwa akikataa kula, na mtu aliyekuwa akimlisha akaacha kumlisha, mtu huyo ameua?

Akasimama, akakuna ndevu. "Amemnyima, au mgonjwa amekataa?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe, mwalimu."

"Kumnyima mgonjwa chakula ni dhambi, hilo halina mjadala. Na kumlazimisha pia tumekatazwa, mgonjwa riziki yake iko kwa Mungu. Sasa kwenye kijiko chako wewe kuna lipi, mimi nitalijuaje, bibi? Mimi nimekuta bakuli tupu na kuku wameshiba."

Akaenda zake. Nilitamani kumrushia kitu. Watu wa dini ukiwataka wakuhukumu hawakuhukumu, na usipowataka ndio hao mlangoni. Lakini nilifurahi pia, ukweli niseme, kwa sababu hakusema niache.

Ijumaa moja, zamu yangu imekwisha na tunangoja vijana wa machela, nikasikia hodi ya sauti ya chini. Nikatoka. Mke mwenzangu amesimama uani kwangu na kifurushi kichwani, miguu myekundu kwa vumbi la njia ya Pugu. Hajawahi kufika kwangu hata siku moja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Nilimwitikia hivyo hivyo tu, sikumtua mzigo.

Akautua mwenyewe. Amevaa ile kanga yetu, ile ile niliyovaa mimi, na yeye ilimkaa vizuri zaidi kwa sababu ya umri. Akasema, "Dada, nimekuja kukuachia zamu zangu. Zote. Abaki hapa. Njia inamwua."

Mungu wangu! Hebu fikiri furaha iliyonipanda. Miaka yote ile nimeomba upande uiname, leo umeinama wenyewe, na aliyeuinamisha ni yeye. Nilimkaribisha ndani kwa sauti kubwa ili majirani wasikie. Nikamwekea mkeka, nikampa maji ya kunawa. Nikamwambia wifi awarudishe vijana. Mshindi huwa mkarimu, bwana. Nilimpenda mwenzangu kwa muda wa kuchemka chungu.

Kisha mume wangu akaniita.

Alikuwa amesikia yote. Akawaomba wifi na mwenzangu watoke nje, nikabaki naye peke yangu. Sauti yake ilikuwa imebaki pumzi tu, ikanibidi niinamishe sikio mpaka mdomoni.

"Bibie. Sasa siku zote ni zako."

"Ndiyo, Alhamdulillahi."

"Basi ruhusa ni yako peke yako. Naomba ruhusa."

"Ya nini?"

"Niende kwake. Nisirudi."

Sikumbuki nilisimama vipi. Nakumbuka nilikuwa nimesimama. "Sema unampenda," nikamwambia. "Sema tu! Umekaa na mimi tangu huna hata baiskeli, nimekufulia, nimekuzalia, leo unataka kufia kifuani kwa mtoto yule. Anakuachia, nawe unamfuata? Ana nini? Sema nisikie!"

Wala sikujali kwamba wao wako nje ya ukuta wa udongo na wanasikia. Nilitaka wasikie.

Alingoja nimalize. Alikuwa amenizoea. Akanionyesha kwa kidole niiname tena.

"Kwako sitakufa," akasema.

"Na nani anataka ufe?"

"Ndiyo hivyo. Hutaki." Akapumzika. "Nikifunga mdomo, yeye huweka bakuli chini. Wewe huweki."

"Yeye anasema unakunywa zima!"

"Anaogopa wewe utasemaje."

Nikakaa kitandani miguuni kwake. Kumbe yule mjanja! Kumbe mwongo kama mimi, ila yeye anadanganya kwetu tu, na kwake ameshamkubalia. Walikuwa na makubaliano wao wawili, na mimi niko nje na kijiko changu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko habari ya kufa. Kufa kulikuwa bado mbali kichwani mwangu. Siri yao ilikuwa karibu.

"Basi na mimi nitaliweka chini," nikasema. "Unataka bakuli liwekwe chini? Nitaliweka. Nitakaa na wewe mikono mitupu mpaka Mungu aamue. Kaa kwangu."

"Huwezi."

"Nitaweza!"

"Huwezi, bibie," akasema, na nikaona macho yake yanacheka kidogo, hata vile alivyokuwa.

"Nipe siku moja. Kesho. Nikishindwa, nenda."

Akakubali kwa kope.

Kesho yake asubuhi nilioga, nikavaa kanga safi, nikakaa mkekani kando ya kitanda, mikono pajani. Jikoni jiko baridi. Wifi alichemsha chai yake kwa jirani. Nilimsimulia mume wangu habari za zamani: siku alipokuja kuniposa ametumbukiza kiatu kimoja kwenye tope la mtoni akaja na kimoja, na mama yangu akamwuliza kama mahari nayo italetwa nusu. Alisikiliza. Hakukohoa. Uso wake ulikuwa umetulia namna ambayo sijaiona tangu hospitali. Niliona, sikatai, niliona kwamba ametulia. Nikajiambia, unaona? Unaweza. Hata mimi naweza kuuliza taratibu.

Jua lilipofika katikati nikamwambia, "Nakwenda kuangalia kuku." Nilikuwa nakwenda kuangalia kuku kweli. Nilipojua nilipo, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mafiga, napuliza moto, macho yamejaa moshi, na nazi nimeshaivunja. Sikumbuki kuivunja. Mwenzangu alikuwa uani anapepeta mchele wangu, kazi ambayo sikumtuma. Akaniangalia, akakiangalia chungu, akainamisha kichwa akaendelea kupepeta. Angesema neno moja tu ningempiga kwa mwiko.

Nikaingia na bakuli. Mume wangu akaliona. Sikumbana shavu safari hii, sikumwambia meza. Nilisimama tu nalo, najionea aibu, nataka kurudi nalo nje na miguu haitaki. Na yeye akafungua mdomo. Mwenyewe! Akaufungua wazi, ananitazama, anangoja.

Nikatia kijiko. Uji ukarudi puani, machozi yakamtoka, kifua kikamruka kama kinataka kupasuka. Nikampangusa. Alipopata pumzi akafungua mdomo tena.

Hapo ndipo nilipoelewa, na sikutaka kuelewa. Hakuwa na njaa. Alikuwa anafungua kwa ajili yangu. Angefungua kesho, na kesho kutwa, na kila nikija na bakuli, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa siwezi kukaa bila yeye kufungua. Kwa yule wa Mbwawa hakuwa na haja ya kufanya kazi hiyo. Kwake angeweza kujilalia.

Nililiweka bakuli sakafuni. Halafu nikalisukuma kwa mguu mpaka mlangoni, nisiweze kulifikia.

"Nenda," nikamwambia. "Nimekupa ruhusa. Siku zangu zote, na hizo alizoniachia, chukua."

"Utaniwia radhi?"

"Sikuwii radhi kwa kumwoa," nikasema. "Mengine yote nimekuwia."

Akavuta pumzi puani. Nikangoja kicheko, lakini nguvu hazikufika.

Nikatoka uani. Wifi na mwenzangu walikuwa wamesimama, wamesikia kila kitu, nyuso zao zimelowa. Nikamwendea mwenzangu mpaka karibu, nikamnyooshea kidole. "Sikiliza wewe. Anakwenda kwa ruhusa yangu. Hujamchukua. Zamu hii ni yangu, nimeitoa mwenyewe, usije ukawaambia watu vinginevyo."

"Sitasema, dada."

"Na akifunga mdomo..." Sikuweza kumaliza.

"Najua, dada."

Anajua! Alisema kwa ile sauti yake ya chini, na nilimchukia tena upya, kwa sababu ni kweli alikuwa anajua, na mimi nilikuwa nimetwanga na kuchuja na kubana mashavu na sijui. Kuna watu wamezaliwa wanaweza kukaa mikono mitupu kando ya mtu wanayempenda. Sijui wanafundishwa wapi. Ningelipa chochote nifundishwe.

Wifi aliogopa. Aliniuliza pembeni kama hatutakuwa tumemwua sisi, tena kwa kumtia njiani katika hali ile. Nikamjibu kwamba aliyeuliza hilo kwa mwalimu ni mimi, na kama kuna wa kujibu mbele ya Mungu nitajibu mimi, kwani ruhusa ni yangu. Hata hilo sikutaka mwenzangu anipokonye.

Vijana wakaja. Walimbeba polepole, na mimi nikashuka nao mpaka Pugu, nimeshika ukingo wa machela. Stesheni aliniambia nisipande. Nikamwuliza kwa nini, na jibu nalijua. "Utapika," akasema. Wakamwingiza, wifi akapanda, mwenzangu akakaa kwenye benchi, akampokea kichwa pajani. Niliangalia paja lile mpaka gari moshi lilipoondoka. Nilipanda kilima peke yangu, na nilivyokuwa na hasira, nilifika mapema kuliko siku nyingine zote.

Hakuifikia Ijumaa. Habari iliponifikia walikuwa wameshamzika, maana maiti haisubiri gari moshi. Kwa hiyo sikumwona, sikumfumba macho wala kumlowesha midomo. Nikakaa eda nyumbani kwangu Kisarawe, naye akakaa eda kwake Mbwawa, kila mtu na ukuta wake. Miezi ile yote sikumlilia sana mume wangu kama watu walivyodhani. Nilikuwa najiuliza mwenyewe: alilala ubavu gani? Alisema nini? Alimwita nani? Mwenzangu anayo majibu, amekaa nayo kule, na mimi sina hata moja. Nilimwonea wivu kwa kile kifo kuliko nilivyomwonea kwa ndoa yote. Ndoa tuligawana wiki wiki. Kifo alipewa chote.

Tulipotoka eda akaja. Hodi ile ile, shikamoo ile ile. Safari hii nilimtua mzigo, lakini hata hajanywa maji nikamwambia, "Haya. Nieleze. Usiache kitu."

Akanieleza. Alimlaza aelekee kibla. Hakumpa kitu ila kitambaa cha maji midomoni, kila alipotaka. Wifi alikuwa anasoma Yasini. Mgonjwa alikuwa analala, anaamka, analala. Hakulalamika. Mwenzangu alisimulia yote hayo taratibu, nami nilikuwa namkatiza kila mara: upande gani? mkono wake ulikuwa wapi? ulikuwa umemshika? Alijibu yote. Alikuwa amemshika.

"Na alisema nini?"

Akachezea ncha ya kanga.

"Sema! Aliniita?"

"Siku ile aliyofariki, kabla ya adhuhuri, aliamka akaniuliza, 'Mwenzio ameshawasha moto?' Nikamwambia, atakuwa ameshawasha. Akacheka."

Siku ile nilikuwa nimewasha. Kila siku nilikuwa nawasha. Nilikuwa napika uji, nauchuja, nawamwagia kuku, kwa sababu ikifika adhuhuri mikono ilikuwa inakwenda yenyewe.

"Alicheka vipi?" nikamwuliza.

"Alicheka tu, dada. Kidogo."

"Alivuta pumzi kwanza? Puani?"

"Ndiyo. Nilidhani anataka kupiga chafya."

Basi kilitoka! Kile nilichokingoja mimi siku ya ruhusa kikakosa nguvu, kilimtoka kwake, na kilikuwa kinanihusu mimi, moto wangu na chungu changu. Kilikuwa changu kabisa, na aliyekisikia ni yeye.

"Hebu cheka kama alivyocheka," nikamwambia.

Akanitazama kuona kama nina akili timamu. Kisha, Mungu amlipe, akajaribu. Akavuta pumzi puani, akangoja, akacheka.

"Sicho," nikasema. "Rudia."

Akarudia.